Mzee Bado, Aliyetupakia Wote Kwenye Pikapu kwa Ajili ya Matairi

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulitunza gari la kituo chetu cha afya, fundi wetu Mzee Bado anavua ovaroli. Jina hilo tulimpa wenyewe. Kila alipoulizwa kama gari liko tayari, jibu lilikuwa hilo moja, naye alilitoa bila kuinua kichwa kutoka kwenye boneti.

Alipoanza kazi, kituo kilikuwa na gari moja, na mpaka leo ni moja. Pikapu ya sasa ni ya tatu kupita mikononi mwake. Barabara yake ndiyo ileile: nusu tope, nusu mawe makali, na ng'ambo yake kuna watu wanaotegemea tuwapelekee chanjo na dawa, na tuwalete hapa mambo yakiwa magumu.

Ndiyo maana tairi kwake halikuwa jambo la mchezo. Muuza matairi akimwona anaingia dukani, humsogezea kiti moja kwa moja, maana anajua siku imekwenda. Mzee Bado hupapasa ubavu wa tairi, huuminya kwa dole gumba, huyatazama meno yake, kisha huomba aletewe lingine. Meno makubwa huchimba tope vizuri, hutuambia, lakini jiwe halina habari na meno, linachana ubavu.

Si kwamba hakuwahi kuteleza. Mwaka mmoja alileta matairi mapana ya kutisha, nasi tukayapigia makofi. Aliyajaribu gari likiwa tupu, magurudumu yamenyooka. Kesho yake gari likapakiwa, dereva akakata kona ya kushoto, tairi likaanza kutafuna madigadi. Wiki nzima pikapu yetu ilizunguka mji kwa kona za kulia tu.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi inayowashangaza wageni. Matairi mapya hayapokelewi mpaka wafanyakazi wote tumepanda nyuma ya pikapu, daktari mkuu akiwemo, huku dereva akizungusha usukani mpaka mwisho, huku na huku, na Mzee Bado amelala chini ametega sikio. Mhasibu wetu, mtu wa mwili wa kushiba, aliwahi kugoma. Alielezwa kwa upole kwamba yeye ndiye hasa anayehitajika.

Mwaka huu maneno yalikuwa mengi. Mvua zilikaribia, pikapu iko juu ya matofali, na yeye analikataa tairi hili na lile. Wengine walisema mzee anavuta siku asistaafu. Hatimaye akachagua: meno ya wastani, ubavu mnene, kipimo kilekile cha kiwandani. Tukapanda, usukani ukazungushwa, hakuna kilichogusana.

Wiki iliyofuata, muuguzi wetu na dereva, ambaye ni mpwa wa Mzee Bado, binti wa dada yake, walimfuata mama mwenye uchungu ng'ambo ya mawe. Mvua ikamwagika. Simu zao hazikupatikana. Walitakiwa kurudi kabla ya adhuhuri. Adhuhuri ikapita, na alasiri nayo. Mzee Bado alisimama getini bila mwavuli, na kwa mara ya kwanza tuliiona mikono yake haina la kufanya. Alisema polepole kwamba kama kuna tairi lililochanika huko, aliyelichagua ni yeye.

Kisha tukasikia honi. Pikapu ikaingia imejaa tope mpaka madirishani, juu ya matairi yaleyale manne. Mama akapokelewa, akajifungua salama mtoto wa kike. Kwa kawaida gari likirudi, Mzee Bado huinamia matairi kabla ya salamu. Siku hiyo aliyapita kama hayapo, akafungua mlango, akamshika mpwa wake kichwa kwa mikono miwili. Tulishusha pumzi sote. Mhasibu alilia waziwazi, na hakuna aliyemcheka.

Mzee wetu, ahsante kwa kutuchosha kwa subira yako. Tunakuombea afya, usingizi mzuri wakati wa mvua, na wajukuu wasiokupa nafasi ya kukaa. Mpwa wako ametuomba tuandike neno lake hapa, kwa kuwa mbele yako limemshinda: siku ile, katikati ya yale mawe, aliogopa mvua, akaogopa giza la mawingu, lakini matairi hakuyawaza hata mara moja. Pumzika sasa, Mjomba.