Mpigo Mmoja Uliobaki wa Struan Mowat

Tarehe 31 Oktoba, Bwana Struan Mowat anastaafu baada ya kuwa mwalimu wa gofu wa Klabu ya Portlairn kwa miaka thelathini na minne. Alizaliwa katika nyumba inayotazamana na shimo la tatu, akakausha samaki kwa moshi kiwandani, kisha akaajiriwa hapa kukarabati fimbo kabla ya kukabidhiwa wanafunzi.

Alichokifundisha kwa ukamilifu ni kuupitisha mpira chini ya upepo. Kosa letu watu wa pwani hii ni kwamba upepo ukitujia usoni tunapiga kwa nguvu zaidi; mpira huzunguka mno, hupaa, kisha huangukia karibu na miguu yetu. Mowat alidai kinyume chake: fimbo ya umbali mrefu zaidi ishikwe chini kidogo, mpira uwekwe karibu na mguu wa nyuma, mikono iutangulie, na mzunguko wa fimbo ukatizwe usawa wa kifua.

Siku tulivu hakufundisha. Hata waliotoka Glasgow kwa treni aliwarudisha: “Nendeni nyumbani, wapendwa. Leo hata bibi yangu angepiga.” Mpishi wetu, Effie Tulloch, alimjibu kupitia dirisha la jikoni: “Bibi yako angekushinda hata kwenye dhoruba, Struan, na ndoo ya makaa mkononi.”

Mwanafunzi wake Una Lumsden alitwaa Kombe la Wilaya siku ambayo mahema yalipeperushwa hadi ufukweni. Mipira yake haikuvuka kimo cha ukuta wa mawe. Ndiye anayemrithi.

Ardhi yetu ni ngumu, na kuipiga miaka yote hii kumekichakaza kifundo cha mkono wa kushoto wa Mowat. Jumanne ya wiki ijayo daktari atakifunga kwa chuma, nacho hakitakunjika tena. Hadi hapo amemruhusu mpigo mmoja. Mowat anautaka kwenye shimo la kumi na moja, uso kwa uso na upepo wa kaskazini-mashariki.

Upepo huo haujavuma tangu katikati ya mwezi. Kila asubuhi huenda pale na fimbo yake, huitazama bendera iliyolala kama nguo mbichi kambani, kisha hurudi kunywa chai bila kulalamika. Juzi Una alimsihi: “Piga tu, Mwalimu. Nyasi ni zile zile.” Akamjibu, “Hapana, binti. Hapo nitakuwa nimepiga mpira tu.”

Bwana Mowat, tunakushukuru kwa subira uliyotufundisha, na kwa dhihaka zilizoifanya ivumilike. Tunakutakia mkono usiouma, miaka mingi ya heri, na, kabla ya Jumanne, hali mbaya ya hewa.

Wageni wa mlo wa mchana wa kumuaga wanaombwa kuja na makoti mazito. Bendera ikinyooka, hata kama supu ndiyo kwanza imepakuliwa, tutaiacha mezani na kutoka naye.