Mabula Aliomba Tunyamaze

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi. Leo tunamkumbuka Mabula, mchimba visima wa Ngulyati, hapa Bariadi. Mabula, aliyefukiwa na kisima chake mwenyewe.

Mabula hakuwa na mashine. Alikuwa na msumari, chupa ya maji na nyundo. Akiufikia mwamba, anaukwaruza kwa msumari. Ukikwaruzika, ni jiwe laini, linachimbika. Anadondoshea maji. Jiwe likiyanywa, anatabasamu, maana huenda chini kuna kitu. Mwisho anagonga kwa nyundo na kutega sikio. Likilia kama kengele, jiwe ni zima. Likitoa mlio mfu, lina ufa, na Mabula anapanda juu mbio.

Ndiyo maana kwenye kisima chake hapakuwa na maongezi. Hata ng'ombe walisogezwa mbali. Mkewe, Milembe, mama yake Salu, ndiye aliyesimamia ukimya huo. "Mtu akikohoa tu, namkazia macho," anasema.

Mwaka huu mvua zikakata mapema. Pamba ikakauka shambani, na akina mama wakawa wanagombania maji na mifugo kwenye lambo, bwawa la kunyweshea ng'ombe. Mabula akaanza kuchimba nyuma ya nyumba yake.

Asubuhi moja ndoo ikapanda na tope. Tope, wasikilizaji! Majirani wakalipuka kwa vigelegele. Na aliyeanza kupiga ni Milembe.

"Sauti yake ikatoka chini," anasimulia. "'Mama Salu, nyamazeni, nigonge nisikie.' Nilimsikia, mwanangu. Lakini kigelegele kilikuwa kimeshanitoka, na wenzangu wamekidaka. Akagonga. Jiwe likajibu, nani alisikia? Ukuta ukashuka."

Walipomtoa alikuwa ameshafariki. Kisima kikajaa maji, na sasa mtaa mzima unachota hapo. Milembe hachoti. Kila asubuhi anabeba ndoo yake kwenda lamboni. Jirani yake, Esteria, humwita: "Mayu, mama yangu, maji yako si haya hapa?" Milembe anapita tu.

Salu na ndugu zako, poleni sana. Mama Milembe, pole. Inaniuma kukuona njiani na ile ndoo. Ulifurahia maji baada ya kiu ndefu, na hakuna mtu Ngulyati anayekulaumu.

Nawe unayenisikiliza, fikiri: ni nani karibu yako anayekuomba umpe nafasi asikie, nawe unaendelea na shangwe zako?

Sasa ninazima kipaza sauti kwa muda. Tunyamaze, kama Mabula alivyoomba.