Namba ya Kitabu cha Akiba

Jumamosi ya tarehe 14 Juni 1975, saa kumi na robo alasiri, mawingu mepesi yalikuwa yametanda juu ya Temeke, na upepo wa kusi ulivuma kiasi cha kumlazimisha mtu mzima akiri kwamba anasikia baridi. Nyuma ya soko, kwenye benchi la Fakihi muuza kahawa, walikuwa wameketi watu watatu. Kulia alikuwa Mzee Albano, mchonga vinyago, aliyeitwa Mpingo kwa sababu ya mti anaouchonga na kwa sababu hoja zake hazipasuki kwa shoka. Katikati alikuwa Apolinari, karani mwenyeji wa Bukoba, aliyeitwa Risiti kwa kuwa hajawahi kutupa hata moja. Kushoto alikuwa Anselmo, mwendesha winchi bandarini, ambaye hakuwa na jina la utani, kwani alizoea kusikiliza kuliko kusema. Fakihi mwenyewe alikuwa amechuchumaa mbele yao, akipuliza makaa chini ya birika.

Siku hiyo Anselmo alikuwa na la kusema. Likizo yake ilikuwa ianze tarehe 30 Juni, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili ya ndoa alikuwa amemwuliza mkewe, Eufrazia, angependa apewe nini. Eufrazia hakutaja kitenge wala redio. Alimalizia kwanza kuosha sufuria, kisha akasema: "Nataka kulala kwenye kitanda ambacho sitakitandika mie." Anselmo aliiandikia barua nyumba ya wageni huko Lushoto, akaomba chumba cha watu wawili kwa siku tano. Majibu yalikuwa yamefika mchana huo.

— Soma, Risiti, alisema, akimpa Apolinari karatasi. Mie nimesoma mara tatu, bado roho haijatulia.

Apolinari alivaa miwani, akakohoa, akasoma kwa sauti ya ofisini:

— "Ndugu Anselmo. Kimebaki chumba kimoja. Ili tukuwekee, tuandikie namba ya kitabu chako cha akiba cha Posta na jina la tawi, iwe dhamana yako kwetu. Jibu litufikie kabla ya tarehe 21 Juni. Likichelewa, chumba atapewa mwingine."

Fakihi aliacha kupuliza makaa.

— Namba ya kitabu?

— Ya kitabu.

— Usitoe! alisema Mzee Albano, hata kabla kikombe hakijamfikia mdomoni.

— Sijaamua, mzee. Ndiyo maana nimekuja nayo hapa.

— Umefanya vizuri kuja, alisema Apolinari, akikunja barua kwa mikunjo ileile aliyoikuta. Tuiendee kwa taratibu. Namba ni nini? Namba ni wewe mwenyewe mbele ya Posta. Pale dirishani hawajui sura yako, wanajua namba. Sasa huyu bwana wa Lushoto akiwa na binamu yake kwenye simu za upepo, anapiga taarabu kidogo ya vidole, ti-ti-ti, "Mie Anselmo nimekwama huku, nitumieni zote." Jumatatu unakwenda Posta, unakuta vumbi.

— Kwa simu tu?

— Nyie hamjui karani akipata upenyo! Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Wewe sasa unagawa daftari lenyewe.

— Sigawi daftari, Risiti. Nagawa namba.

— Ndiko kunakoanzia.

Fakihi aligawa kahawa raundi ya pili, akatingisha kichwa kama mtu aliyeliona jambo kubwa zaidi.

— Risiti anaogopa wizi. Wizi mdogo huo. Mie nauliza, kwa nini wanataka kujua kama unacho kitabu? Wanakuhesabu, ndugu yangu! Mfanyakazi gani wa nchi hii ya Ujamaa analala kitanda cha kulipia siku tano? Wataandika pembeni: kabaila. Karatasi inapanda ngazi mpaka kwa wakubwa. Unarudi Temeke, unamkuta balozi wa nyumba kumi amekaa mlangoni kwako na jembe.

— Jembe la nini?

— Si methali iko wazi? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe umeomba siku tano! Siku ya tatu wanakupa shamba la kabichi, siku ya tano wewe ni mwanakijiji wa Lushoto.

Anselmo alicheka, kisha akaacha ghafla. Alimwona Eufrazia akipalilia kabichi milimani katika gauni lake jipya la likizo.

— Nyote mmekosea, alisema Mzee Albano kwa upole wa kutisha. Nyie hamchongi. Mie nikiwa na sura ya mtu, naweza kumchonga mwingine kama yeye, hata mamaye akamsalimia. Namba ndiyo sura. Watatengeneza kitabu cha pili, na kitabu cha pili kinataka Anselmo wa pili. Watamtafuta mwenye kipara kama chako, watamvika shati. Wewe unafika Lushoto na mizigo, unaambiwa, "Samahani, Ndugu Anselmo ameshaingia. Tena anakula."

— Mungu wangu! alisema Fakihi.

— Na Eufrazia, kwa kuchoka safari, atamwamkia huyohuyo.

— Mzee Mpingo, sasa hapo umenivunjia heshima.

— Nakuokoa, mwanangu. Dawa ni ndogo. Wape namba, lakini igeuze tarakimu mbili. Mficha uchi hazai!

Apolinari alivua miwani.

— Mzee, methali hiyo inakupinga. Inasema mtu asifiche.

— Inanipinga nini? Nani hapa anataka kuzaa?

Benchi zima lilitingishika kwa kicheko, na kwa kuwa kicheko hupitisha mambo ambayo akili ingeyazuia, shauri la Mzee Albano likapita. Apolinari alitoa kalamu na karatasi. Anselmo alitoa kitabu chake kutoka mfuko wa ndani, akakiweka pajani, akaanza kuandika majibu. Tarakimu ya tatu akaiweka mahali pa ya nne, na ya nne mahali pa ya tatu. Alipomaliza aliitazama namba ile, akahisi kama mtu aliyeitwa kwa jina la jirani yake akaitika.

Wakati huo alipita Kokushubila, mwalimu wa shule ya msingi aliyehamia mtaa ule siku ya Jumatano. Alikuwa amefuata kashata.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwalimu, waliitika wote. Karibu.

— Ahsante. Naona leo kuna mkutano mkuu.

Fakihi alimsimulia yote huku akifunga kashata kwenye gazeti: barua, simu, jembe, Anselmo wa pili, na tarakimu zilizogeuzwa. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

— Na huyo mwenye nyumba, yeye naye atajuaje kwamba watafika?

Apolinari alitazama kalamu yake. Fakihi alifungua birika, akachungulia ndani kana kwamba jibu limezama humo. Mwalimu alilipa, akaaga, akaenda zake.

Aliyeanza tena ni Mzee Albano, na sauti yake haikuwa ile ya kwanza.

— Nina vichwa sita rafuni.

— Vichwa gani, mzee?

— Vya kuagizwa. Mtu anakuja, anasema, "Nichongee mama mkwe wangu, nitarudi Ijumaa." Namwamini, nachonga. Ijumaa inapita, mwaka unapita. Mpingo haurudi kuwa gogo. Sasa kila asubuhi mie na mama mkwe wa mtu tunaangaliana.

— Hukumwomba chochote cha kumshika?

— Niliona haya, alisema, akimalizia kahawa iliyobaki. Huyu wa Lushoto hakuona haya, basi. Kaomba cha kumtafutia mtu asipofika.

Anselmo alikitazama kitabu pajani.

— Risiti, niambie kweli. Mtu mwenye namba tu, bila kitabu, Posta watampa pesa?

Apolinari alichukua muda kusafisha miwani iliyokuwa safi.

— Fungua jalada. Ndani. Mstari wa pili.

Anselmo alisoma: "Fedha hazitolewi pasipo kitabu hiki na sahihi ya mwenyewe dirishani."

— Kumbe ulikuwa unajua?

— Hamkuniuliza. Mlikuwa mmeshafika kwenye jembe.

— Ulianza wewe, na ti-ti-ti yako!

— Nilikuwa natahadharisha.

Anselmo hakucheka na hakukasirika. Aliyachana majibu yale ya kwanza vipande vinne, akaomba karatasi nyingine, akaandika upya kwa mwandiko wa mtu anayetaka kuaminika: jina, tawi, na namba kama ilivyo. Mzee Albano aliinama juu ya bega lake, akaitamka kila tarakimu kwa sauti huku kidole chake kikifuata kitabuni, na ilipofika ya mwisho akasema:

— Haya. Huyo ndiye wewe.

Barua iliondoka Temeke Jumatatu tarehe 16, saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Kadi ya Lushoto ilifika tarehe 25, ikiwa na maneno matatu: "Chumba chenu. Karibuni."

Jumatatu ya tarehe 30 walisafiri kutwa nzima, wakafika kumeshaanza kuwa giza. Mwenye nyumba, mzee mwembamba mwenye sweta la kijani, aliwapokea mizigo akamwambia Anselmo kwamba wageni wawili waliomwandikia mwezi uliopita hawajaonekana mpaka leo, na kwamba alikuwa ametoka barabarani mara nne kuangalia kama na hawa wangekuwa hivyo. Eufrazia aliingia chumbani, akalipapasa blanketi, akalala.

Asubuhi Anselmo alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, amekwisha kunywa chai vikombe viwili. Ukungu ulikuwa umeondoka milimani, na mtu mmoja alipita nje akiswaga mbuzi. Eufrazia alijigeuza, akavuta blanketi, akauliza bila kufungua macho ni saa ngapi. Anselmo alitazama saa yake, akaisogeza sikioni kuhakikisha kwamba haijasimama. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na saba.