Kadi za Fundi Kaanaeli Nnko, 1941–1999

Baba Mchungaji, wazee wetu shikamooni, ndugu na majirani mliofika hapa nyumbani Poli, mimi ni Elihuruma Nnko, ndiye niliyemfuata marehemu kwa kuzaliwa, familia imenituma nisome historia yake, na wameniomba niisome kwa upole, nitajaribu.

Marehemu kaka yetu Kaanaeli alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa hapa Poli, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, akabatizwa mwaka huohuo na kupata kipaimara mwaka 1956. Alisoma shule ya msingi Akheri kuanzia mwaka 1949 hadi 1956, kisha shule ya ufundi Moshi hadi mwaka 1960, akatoka huko na cheti cha ufundi mitambo pamoja na tabia ya kuandika kila kitu, hata marehemu mama alikuwa akimtania kwamba kuku akitaga lazima yai liandikwe tarehe.

Alianza kazi kwa kutengeneza mashine za kumenya kahawa kwenye mashamba ya Usa River, na tarehe 1 Juni 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha umma cha mablanketi kule Themi, akawa fundi mkuu mwaka 1978, na mwaka uliofuata akapelekwa Uswidi kwa mafunzo ya miezi sita. Huko alijifunza jambo moja alilolirudia mpaka tukachoka kulisikia, kwamba bei ya kununulia mashine ni kiingilio tu, gharama yake halisi ni grisi, beringi, mikanda, mishahara ya mafundi na siku inazolala mbovu, tangu inapofungwa hadi inapouzwa chuma chakavu, na hesabu hiyo haina maana usipoilinganisha na kazi yote iliyofanya. Hivyo Januari 1980 alianzisha kadi ya kila mashine, na kwa kuwa miaka ile karatasi ilikuwa ya kutafutwa kama sukari na sabuni, aliandika pande zote mbili, mbele matumizi na sahihi yake chini, nyuma idadi ya mablanketi iliyofuma na miaka iliyobakiza ya kufanya kazi.

Tarehe 20 Desemba 1969 alifunga ndoa na shemeji yetu Aikande, binti wa Machame, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu sita. Msimamizi wa ndoa ile alikuwa Bwana Bariki, waliyelala naye bweni moja kule shule ya ufundi, ambaye baadaye alikuja kuwa meneja mkuu wa kiwanda hichohicho, na mnajua kwetu msimamizi wa ndoa si mgeni, huyo huingia mpaka jikoni akajifunulia sufuria.

Mwaka 1993 ilipotoka amri kwamba viwanda vya umma vikaguliwe ili viuzwe, Bwana Bariki alikuja nyumbani kwa kaka, kule Sekei, akanywa chai, akaomba kadi zote arobaini na mbili, na kaka akampa kwa furaha, akiamini kwamba hatimaye wakubwa wanataka kujua mashine inagharimu nini katika maisha yake yote. Bwana Bariki alizitoa fotokopi upande wa mbele peke yake. Matumizi ya miaka kumi na tatu yakajumlishwa na kupelekwa kwa wathamini bila kutajwa blanketi hata moja, wao wakaona mitambo inakula tu, kiwanda kikauzwa kwa bei ya vyuma, na tangazo lililobandikwa getini tarehe 2 Mei 1994 likasema uamuzi umetokana na kadi zilizosainiwa na fundi mkuu K. Nnko. Wafanyakazi mia tatu na kumi walipunguzwa kazi, kaka akiwa mmojawapo, na kabla mwaka haujaisha Bwana Bariki akawa mkurugenzi chini ya mwenye mali mpya. Jamani, huyu ndiye aliyemshikia pete!

Kadi zenyewe zilirudishwa, na kaka alizunguka nazo nyumba kwa nyumba, Sekei, Sakina hadi Tengeru, akiomba watu wageuze tu waone nyuma, wakamfungia milango, wakamwita muuza kiwanda, shemeji naye akaondolewa kwenye upatu, na baadhi yenu mliofanya hivyo mmekaa hapa, msiangalie chini. Leo kadi ziko pale mezani, kando ya kitabu cha rambirambi, zigeuzeni. Mtaona matengenezo kwa kila blanketi hayakufika hata bei ya chai kikombe kimoja, na mashine thelathini zilikuwa bado na miaka kumi na zaidi.

Mwaka 1995 alifungua karakana ndogo Sakina, akapoteza wateja wengi kwa ukweli wake, maana mtu alikuja na mashine ya kusaga ya bei poa, amefurahi, yeye akamuuliza vipuri vyake vinauzwa wapi.

Tarehe 9 Agosti 1998 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukakataa kuandika, akauguzwa hospitalini na baadaye nyumbani, na kwa miezi kumi na minne kila gari liliposimama nje aliuliza kama ni Bariki, haikuwa Bariki, mpaka alipoaga dunia Jumanne tarehe 12 Oktoba 1999.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Sekei mliombeba mikononi, kwaya, pamoja na wafanyakazi wenzake, shada lenu tumelipokea na mtaliweka wenyewe. Lipo shada jingine kubwa lililoletwa asubuhi na dereva, utepe wake umeandikwa rafiki wa kweli, na shemeji Aikande ameniagiza niseme kwamba hilo halitawekwa kaburini, litarudi na dereva, lakini siku Bwana Bariki atakapokuja kwa miguu yake na kutamka mbele ya watu hawa alichokiacha bila kutoa kopi, shemeji mwenyewe atalibeba na kuliweka.

Pumzika kwa amani, kaka Kaanaeli, kiwanda hukukiua wewe.