Clé ya Wifi Ilikuwa Jina ya Marehemu

Ndani ya taxi-bus ya Kasungami, mujane Nono alikuwa na ordinateur yake, kompyuta ya kubeba, ku magoti; pembeni yake Ruphin, mudogo ya marehemu bwana yake. Kesho iko na examen, mutihani ya ku internet.

"Shemeji Ruphin, wifi ya nyumba inakatala."

"Ni ile Linux ya ordinateur yako. Inashika clé ya zamani, ile neno ya siri. Futa, uandike tena."

"Nimeandika mara kumi, jina ya bwana yangu, vile alitiaka."

Ruphin akaangalia inje, kwenye hakukuwa kitu.

"Tulibadilisha."

"Siku gani?"

"Siku ya kumaliza kilio. Famille ilikaa kikao, ikakata vile."

Kumbe ordinateur peke yake ndiyo ilikuwa inakumbuka marehemu.

"Basi munipe clé ya mupya."

"Wifi ni ya famille, mama."

Miaka tisa Ruphin alikuwa anamuita Nono yaya, dada mukubwa; leo ni mama tu. Taxi-bus ikasimama, Ruphin akashuka.

"Mungu akusaidie mu examen."