Mzee Patrobas Shiundu, Aliyetaka Kaunti Mbili Ziwe Moja

Tunamshukuru Mungu aliyetukusanya, ingawa hatukutaka kukusanyika kwa sababu hii. Maneno haya yameandikwa na Everline, bintiye wa kwanza, kwa niaba ya familia, yasomwe hapa kanisani Kaloleni kabla ya safari ya kesho.

Patrobas Nandwa Shiundu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Ebushitoto, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Nandwa na marehemu Mama Roselida. Boma lao liko karibu kabisa na kijito cha Namwitsa. Zamani kijito hicho kilikuwa mpaka wa mikoa miwili. Tangu mwaka wa 2013 ni mpaka wa kaunti mbili, ya kwetu na ya akina mama yetu. Yeye alikijua kwanza kama mahali pa kuoga, na hapo ndipo alipomfundisha mdogo wake, Elsie, kuogelea.

Alisoma shule ya msingi pale kijijini, akafanya mtihani mwaka wa 1966. Sekondari ilikuwa ng'ambo, katika kijiji cha Kobare, na kwa miaka minne alivuka kijito kila asubuhi viatu mkononi. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1970. Alipenda kutuambia kwamba miaka hiyo yote hakuna mtu aliyemuuliza anatoka upande gani.

Januari 1971 alikuja Nairobi kwa mjomba wake, mfanyakazi wa reli, aliyekuwa akiishi Makongeni. Tarehe 2 Aprili 1973 aliajiriwa na Baraza la Jiji kama karani katika ofisi ya nyumba za baraza, akaifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka wa 2006. Wapangaji wa Jericho na Kaloleni walimwita Bwana Rudisha, kwa sababu fomu yenye kosa hata moja aliirudisha. Hakuwa mkali. Alikuwa akipigia kosa mstari kwa penseli, akisema, "Mama, nenda ukaijaze vizuri, mimi niko hapa hapa." Na kweli ukirudi ulimkuta.

Mama yetu, Phelister Awuor wa Kobare, alikutana naye kwenye kwaya. Barua yake ya kwanza kwa Baba haikuwa na tarehe, basi Baba akairudisha, akiomba iandikwe tarehe. Mama akajibu, "Tarehe ni siku utakayokuja kwetu na wazee wako." Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1977, Mungu akawajalia watoto watatu. Mwaka wa 1984 Baba aliokoka, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mzee wa kanisa hili.

Inatubidi sasa tuseme habari za Shangazi Elsie, maana bila hizo hamtaelewa miaka yake ya mwisho. Tarehe 9 Agosti 2018, saa nne asubuhi, Shangazi alianguka bomani, mdomo ukaenda upande. Ambulensi ya kaunti yetu ilikuja upesi. Hospitali ya kaunti jirani iko kilomita saba ukivuka daraja la Namwitsa. Ya kwetu iko kilomita thelathini na nane. Baba alikuwa hapa Kaloleni, akizungumza na dereva kwa simu, nasi tulisikia yote.

"Ndugu yangu, vuka hilo daraja. Ni dakika kumi tu."

"Mzee, hili gari ni la kaunti. Nikivuka bila barua, kazi imeisha. Na kule wataniuliza mgonjwa ni wa nani."

"Waambie ni wa kwetu."

"Hiyo ndiyo shida, mzee."

Shangazi alifariki kabla hawajafika. Baba alibaki ameshika simu mpaka Mama alipoitoa mkononi mwake. Dereva yule alikuja mazishini akalia kuliko wengi wetu. Hatujui tumlaumu nani.

Oktoba mwaka huo Baba alianza kukusanya sahihi, akiomba kaunti hizo mbili ndogo ziungane ziwe na serikali moja. Alisema upande mmoja una mashine ya picha za mifupa bila fundi, na upande wa pili una fundi bila mashine, huku pande zote mbili zikiwa na magavana na misafara. Mama alimcheka: "Baba Everline, mimi na marehemu mama yako ulituunganisha jiko moja, ikakushinda. Kaunti mbili utaziweza?"

Si wote waliokubaliana naye. Mjomba wetu Sylvance Ondiek, anayefanya kazi kiwandani na kuishi Mukuru kwa Reuben, alibishana naye kila Jumapili.

"Shemeji, kabla ya kaunti nililala siku mbili mjini nikitafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Leo ofisi iko karibu, unataka uirudishe mbali? Na makao makuu yakiwa kwenu, sisi si tutakuwa wageni?"

"Yawekwe katikati."

"Katikati ni mto, shemeji. Gavana atakaa majini na vyura?"

Baba alicheka hadi akakohoa, akakiri kwamba hapo ameshindwa. Hata hivyo Mjomba alitia sahihi. Alisema anaitia kwa ajili ya Elsie.

Kwa miaka mitano, baada ya ibada, Baba alienda Majengo, Mukuru na Kayole kuwatafuta watu wa kaunti hizo mbili. Fomu aliipanga mwenyewe, nami nikaichapa: jina, kitambulisho, nyumbani. Katika Barabara ya Spine, Akech, muuza samaki aliyeishi Kayole miaka thelathini, alimwambia, "Andika Kobare, mzee. Kayole ni nyumba, si nyumbani." Wote waliandika hivyo, kila mtu kijiji chake. Walipatikana watu 3,212, naye akapeleka sahihi zao Bungeni.

Jibu lilikuja tarehe 6 Novemba 2023. Lilisema kwa heshima kwamba ombi kama hilo ni la wapiga kura wa kaunti husika, na walioandikwa ni wapiga kura wa Nairobi, isipokuwa arobaini na mmoja tuliowaandika Krismasi moja kijijini. Sahihi namba moja ilikuwa ya Baba, naye amepiga kura hapa Nairobi tangu mwaka wa 1974. Mimi pia niliichapa fomu ile nisione kosa. Aliisoma barua mara mbili, akachukua penseli, akapiga mstari kwenye fomu, chini ya neno "nyumbani".

"Wameirudisha," alisema. "Ningekuwa mimi, ningeirudisha."

Tulimsihi aanze upya. Alitazama miguu yake iliyovimba, akauliza, "Nianze na hii?" Madaktari walikuwa wameshasema moyo wake umepanuka. Mwaka wa 2024 alilazwa mara tatu. Tuliomba, tukafunga, kanisa likakesha naye. Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa tatu asubuhi, alimwomba Mama amfungulie dirisha, na Mama alipogeuka alikuwa ameenda. Zilibaki siku tatu atimize miaka sabini na minne.

Juzi tulijaza kibali cha mazishi. Penye makao tuliandika Kaloleni. Tulikagua mara mbili ili kisirudishwe.

Mzee Shiundu ameacha mjane wake, Phelister. Watoto wake Everline, Amondi na Nandwa. Shemeji yake Sylvance. Na wajukuu watano, mmoja wao akiitwa Elsie. Ameacha pia sanduku la bati lenye majina 3,212. Tumeulizana tulifanyie nini, na hakuna aliyejua.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi msafara utaondoka hapa. Barabara nzuri ni ile ya upande wa Kobare, kwa hiyo jeneza litapita mbele ya ile hospitali, kisha litavuka daraja la Namwitsa. Tuliuliza kama tunahitaji barua. Tuliambiwa hapana, kwa maiti haihitajiki.

Ee Bwana, umpokee mtumishi wako bila kumuuliza anatoka upande gani, umpe pumziko na amani.