Damu Yangu Ilikataa ya Mume Wangu

Amahoro, wapendwa. Mimi si mutu wa kusimama mbele ya watu. Kazi yangu munaijua, ni kuanika ndagala, hivi visamaki vya ziwa, pale muchangani. Lakini leo mumenisukuma, basi munivumilie.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi nilikuwa ninakwenda. Nilizaa mutoto wetu wa tatu hospitalini, vizuri tu, akalia, tukafurahi. Kisha damu ikaanza kutoka, haikomi. Nikasikia baridi mpaka kwenye meno, na joto lote hili la Rumonge! Muganga akasema, "Mama anahitaji damu sasa hivi."

Mume wangu, yuko pale nyuma anajifanya hanisikii, akakunja mukono wa shati. "Chukueni yangu. Padiri alisema tumekuwa mwili moja. Damu yangu ni yake." Wifi zangu wakapiga makofi. Nami, na udhaifu wote ule, nikajisikia bibi harusi.

Yule wa labo akatupima, akarudi. "Baba, wewe ni A. Mama ni O, tena O negatifu. Yako ikiingia, mwili wake utaipiga vita, atakufa haraka zaidi. Padiri alisema kweli, lakini ya ndoa." Kaka zangu nao wakapimwa, hakuna aliyefaa. Kwenye friji ya hospitali damu ya kundi langu ilikuwa imekwisha. Nyingine iko Bujumbura, na barabara munaijua. Mume wangu akakaa chini, akalia. Mbele ya siku ile sikuwahi kumuona analia.

Ndipo mukaingia nyinyi. Nyinyi wenyewe, wanawake wenzangu! Mulikuja kuhemba, kuleta zawadi za uzazi, kama tunavyomufanyia kila mama aliyezaa: vikapu kichwani, vitenge vya kufanana, pombe ya ndizi, na wimbo tangu kwenye geti. Hakuna aliyewaambia kwamba ninakufa. Wimbo ukakatikia mulangoni. Muganga akawaeleza, nikasikia moja wenu anasema, "Tulikuja kumupa. Basi tumupe anachohitaji." Vikapu vikashuka chini, mukapanga musitari mbele ya labo na nguo zenu za sherehe. Jamani, ninawaona hata sasa.

Moja tu ndiye alikuwa wa kundi langu. Simutaji jina. Nitasema tu kwamba sauti yake sokoni inatisha wanunuzi, lakini akiona sindano anakimbia. Siku ile alifumba macho, akasema, "Munishike nisitoroke. Lakini mutoe." Wakamushika, wakatoa. Damu yake wakaipima magonjwa, wakaijaribu na yangu kwanza, wakaona zinapatana. Ikaanza kuteremka kwenye mupira, na ile baridi ikanitoka polepole. Jioni nikaomba uji. Nilimupenda mwanamuke yule kwa namna sikujua mutu anaweza kupendwa.

Murakoze cane. Asante waganga, asante yule wa labo, asante mume wangu ambaye naye alitoa ile A yake, ikawekwa kwa wagonjwa wengine. Na nyinyi, Mungu awaone.

Nilichojifunza ni hiki: mwenye damu inayokufaa anaweza kuwa si wa tumbo moja nawe, si wa kanisa lako, si wa nyumba yako. Huwezi kumujua kwa uso. Mupimwe mukiwa wazima, musingoje siku ya kulia.

Na sasa neno langu la mwisho. Rafiki yangu huyo aliyenipa damu ana mimba, munaiona wenyewe, kitenge hakifichi tena. Naye ni O negatifu, damu ngumu kupata. Nilimuuliza muganga kama mimi niliyepewa ninaweza kutoa. Akanipima, akasema tangu nipewe damu muda wa kutosha umepita, niko sawa. Lakini mufuko moja pengine hautatosha, kwa hiyo kesho tunawapeleka kupimwa wale wote ambao hawakupimwa siku ile, na waume zenu.

Dada yangu, wewe uzae bila woga. Uchungu ukikushika, wanipigie simu, nitaacha ndagala juani, ndege wazile. Utanikuta nimekaa mbele ya labo, mukono uko tayari.